Upanga wa Nne Mezani

Mimi natengeneza kosi za panga. Ukichomoa upanga kwenye ala utauona ukosi pale makali yanapoanzia: kipande cha shaba kinachoubana upanga shingoni, hakizidi pingili moja ya kidole. Bila hicho upanga unacheza ndani ya ala, unajikwaruza, unashika kutu, na siku ukiinama kufunga viatu unachomoka wenyewe. Lakini watu wakisifu upanga humsifu aliyeufua, kisha aliyeung'arisha kwa mawe, na wakibakiwa na pumzi humsifu aliyechonga kikingio cha mkono, hasa kama katia korongo wa dhahabu. Sijawahi kusikia mtu akisema, jamani, ukosi huo! Nimezoea, ingawa sijakubali.

Kazi hii nimeirithi kwa baba. Hakujaliwa mtoto wa kiume, akanifundisha mimi huku akinung'unika, na alipofariki nikabaki na tupa zake, jiko lake la makaa na wateja wake. Mteja mkubwa kuliko wote alikuwa Fundi Munehisa, mfua panga mwenye karakana kule mlimani nyuma ya kinu cha mpunga. Kila upanga aliofua kwa miaka thelathini, ukosi wake nimeufanya mimi. Kwa hiyo nikisema Munehisa ni mkaidi, sisemi la kusikia.

Alikuwa na mwanafunzi mmoja tu aliyedumu, Akagi Shunpei, mtoto wa mfuma mikeka wa hapa hapa Tsuyama. Wengine walikuja, wakaona kwamba ni kukata makaa ya msonobari miaka mitatu kabla ya kupewa nyundo, wakakumbuka kuwa kwao kuna shughuli. Shunpei alibaki. Alikata makaa, akapiga nyundo, akajifunza kupaka udongo juu ya upanga kabla ya kuuzamisha majini, mzito mgongoni na mwembamba makalini, na mwisho akapata kibali cha serikali cha kufua panga zake mwenyewe. Kilichobaki ni jina. Kwa desturi ya mafundi hawa mwalimu humkatia mwanafunzi nusu ya jina lake. Mwalimu wa Munehisa aliitwa Munekage. Shunpei naye alikuwa anangojea Mune yake, na sote tulijua ataipata mwaka ule.

Badala yake kukatokea ule ufa.

Mteja, afisa mstaafu wa reli, alikuja kuchukua upanga wake. Nami nilikuwepo, nimeleta ukosi wa kazi nyingine. Munehisa akautoa upanga, akauweka mbele ya mgeni juu ya kitambaa, mgeni akainama kwa heshima. Shunpei alikuwa amekaa nyuma, mahali pa mwanafunzi. Akasema, "Mwalimu, samahani, kuna ufa."

Ulikuwepo kweli. Ufa mwembamba kama unywele, umeyakatiza makali. Kasoro nyingine za upanga zinavumilika, hiyo haivumiliki. Upanga wenye ufa huo umekufa, siku ukiupiga popote unakatika hapo. Munehisa hakuuona kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, na miwani alikuwa haitaki. Aliuchukua upanga, akatoka nao nje, akaupiga juu ya fuawe. Tukasikia vipande viwili vikianguka. Aliporudi alimwomba mgeni msamaha kwa kuinama mpaka chini, kisha akamgeukia Shunpei.

"Una macho mazuri," akamwambia. "Basi nenda nayo. Vyuma vyangu hutavitazama tena, na vyako mimi sitavitazama."

Nani alikuwa na haki? Wote wawili, na ndiyo maana nilitamani kuwachapa wote kwa tupa. Upanga wenye ufa haukabidhiwi mtu, hilo halina mjadala. Lakini kijana angeweza kungoja mgeni aende chooni.

Ikapita miaka tisa. Shunpei alijenga kibanda chake cha kufulia ng'ambo ya mto, akawa anafua panga na kuzipigia jina alilopewa na wazazi, Shunpei tu, kama karani wa posta. Wawili hao walikutana njiani, sokoni, msibani. Munehisa alimpita kama anavyopita nguzo ya umeme. Hakumtukana wala hakumteta. Akitajwa mbele yake aliinuka kwenda kutazama makaa.

Kisha mwezi wa pili mwaka jana Shunpei alikuja kwangu na upanga aliouzungushia taulo la kuogea.

"Shangazi, naomba ukosi," akasema. Hatuna undugu, ndivyo anavyoniita kwa heshima.

"Si una mtu wako wa kosi kule Okayama?"

"Huu nataka uufanye wewe. Ila isijulikane kuwa umeufanya wewe."

Nikamwambia aketi, anywe chai, aanze upya. Aliketi. Chai hakuigusa.

"Nataka Mwalimu autazame," akasema.

"Ameapa, Shunpei."

"Ameapa kutotazama vyangu. Kwenye meza ya Daktari Kuwada panga hazina wenyewe."

Hapo nikamwelewa. Kuwada ni daktari wa meno aliyestaafu, na ndiye mkuu wa chama chetu cha watazama panga. Jumapili moja kila mwezi tunakutana kwenye ukumbi wa hekalu. Daktari anapanga panga tano mezani, mipini imefunikwa kitambaa na kufungwa kamba, kwa sababu jina la mfuaji limechongwa kwenye mkia wa chuma ulio ndani ya mpini. Kila mtu anaushika upanga, anautazama chini ya taa, kisha anaandika kwenye kipande cha karatasi jina la mtu anayedhani ndiye aliyeufua. Ukipata, Daktari anasema "Umepata", unaandikiwa alama, na upanga huo umekwisha kwako. Unaketi, maana taa ni moja na watu ni wengi. Ukikosa anakupa kidokezo: zama si hizo, au ukoo ndio lakini mtu siye. Unazo raundi tatu, na kila raundi alama zinapungua. Liko pia jibu la katikati. Ukimtaja mwalimu wa mfuaji, au mwanafunzi wake, mtu ambaye mkono wake na wa mfuaji ni mkono mmoja, Daktari husema "Sawa na umepata", na alama zako unapewa.

Bingwa wa mchezo huu ni Munehisa. Kwa kawaida anamaliza meza nzima raundi ya kwanza, kisha anakaa barazani anakunywa chai na kutazama bustani kwa uso unaoudhi.

"Na akiudharau?" nikamuuliza Shunpei. "Akiandika kuwa umetoka kiwandani, kama zile panga za jeshi za wakati wa vita, je?"

"Nitakuwa nimejua." Akalikunja taulo, akalikunjua. "Shangazi, watu wananisifu. Anayenisifu ni muuza mbolea. Anayenisifu ni mwalimu wa shule ya chekechea. Mimi mwenyewe sijui kama ninachofua ni upanga au kisu cha jikoni. Jicho ninaloliamini ni moja tu, na limenifungia. Akiushika akauweka chini kama kitu cha hovyo, nafunga kibanda, naenda kufuma mikeka na kaka. Nimeshamwambia kaka anitafutie nafasi."

Aliyasema kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya mchele, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Angelia ningemfukuza.

Nikaufungua upanga. Mimi ni mtu wa kosi, sitajifanya jaji. Niliona shingo imenyooka, mgongo umetulia, na kwenye makali ule ukungu mweupe unaoachwa na udongo na maji ulikuwa unapanda na kushuka taratibu, mawimbi madogo madogo mpaka nchani. Munehisa hana mawimbi. Yeye ukungu wake unakwenda moja kwa moja kutoka shingoni hadi nchani, maisha yake yote.

"Haufanani na za mwalimu wako," nikasema.

"Ndiyo maana yake," akajibu. "Sitaki aone mkono wake. Nataka aone wangu."

Ukosi huanza na bamba nene la shaba. Unalichoma, unalikunja kuizunguka shingo ya upanga, unatia kabari ndogo upande mmoja, unalehemu, kisha unapiga tupa siku nzima mpaka uingie kwa kusukumwa na kidole gumba na usimame pale pale unapotakiwa. Ukosi wa upanga mmoja hauingii kwenye mwingine, ni kama meno ya mtu. Kazi hiyo naweza kuifanya nikisinzia. Taabu ilikuwa kuifanya isionekane kuwa ni yangu. Kosi zangu ni shaba tupu, na juu yake nakwaruza mistari myembamba iliyosimama, kama alivyokuwa akifanya baba. Munehisa ameona mamia. Basi huu niliuvika karatasi ya dhahabu na kuutia mikwaruzo ya kulala, ile wanayoiita makucha ya paka, inayopendwa na maduka ya Tokyo. Nilijisikia kama nimevaa nguo za mtu mwingine nikaenda nazo harusini.

Daktari Kuwada nilipomweleza alicheka mpaka akashika meno yake ya bandia yasitoke. "Itakuwa namba nne," akasema. "Lakini sikiliza, Bi Itsuko, mimi sidanganyi. Akiandika lolote nitamjibu kwa kanuni."

"Sijakuomba udanganye. Nimekuomba uweke upanga mezani."

Jumapili ilipofika theluji ilikuwa inayeyuka na kudondoka kutoka paa la hekalu. Shunpei hakuingia. Alibaki ndani ya kipikapu chake nyuma ya ukuta, vioo vimeingia ukungu kwa pumzi zake. Nilimwachia matonge mawili ya wali yenye figili ndani. Najua hakuyala.

Ukumbini jiko la mafuta ya taa lilikuwa limewaka na watu wamelizunguka. Kwenye meza ya pembeni palikuwa na vikingio vya mkono, vipambo vya mpini, kazi nzuri za miaka mia mbili, pamoja na kikingio kimoja cha chuma chenye panzi aliyechongwa hata miguu yake ina miiba. Hakuna aliyekuwa anavitazama. Siku zote ni hivyo, sisi wengine ni kachumbari.

"Fundi," alisema Ueki, muuza sake, pombe ya mchele, wa mtaa wa chini, mtu ambaye miaka yote anakuwa wa pili. "Leo niachie mimi. Mke wangu ameanza kuuliza huku nakuja kufanya nini."

"Mwambie unakuja kuota moto," akajibu Munehisa bila kumtazama.

Watu wakacheka. Ueki naye akacheka, lakini kidogo. Zawadi ya mshindi ni chupa ya sake, na anayeitoa ni yeye, kutoka dukani kwake. Kila mwezi anaileta mikononi na kila mwezi inakwenda kwa Munehisa, ambaye hanywi.

Mimi kazi yangu kwenye chama ni kukaa kando ya Daktari na kumfungulia vikaratasi, kwa hiyo majina yote nayaona kabla yake. Wengine husikia majibu tu. Watu wakapanga foleni. Munehisa alivaa miwani yake minene, hatimaye aliikubali miaka mitano baada ya kuihitaji. Upanga wa kwanza aliuinua, akauelekeza kwenye taa, akauweka chini. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu hata sidhani kama aliufikisha kwenye mwanga.

Wa nne akainama mbele yake kama desturi inavyotaka, akaushika. Akautazama mgongo kwanza. Akaushusha, akautazama shingoni.

"Ukosi huu kautengeneza nani?" akasema. "Paka?"

Watu wakaangua kicheko. Nikanywa chai yangu. Ilikuwa ya moto mno, nikaungua ulimi, nikajikaza.

Akaupandisha upanga kwenye taa na kuanza kuufuata ukungu kutoka shingoni, polepole, mpaka nchani, kisha akarudi. Kisha akauweka chini na kuandika. Kikaratasi chake kikanifikia, nikakifungua. Kwa upanga wa nne aliandika jina la fundi wa jimbo la Bizen wa miaka mia saba iliyopita, mmoja wa wale ambao panga zao zinakaa kwenye makumbusho zikilindwa na askari.

"Wa kwanza umepata," Daktari akamwambia. "Wa pili umepata. Wa tatu umepata. Wa tano umepata. Wa nne, zama si hizo."

Ukumbi ukageuka. Munehisa kakosa! Ueki, ambaye naye alikuwa amepata nne na kukosa huo huo, alikaa wima kama mtoto aliyeitwa jina shuleni.

Mimi furaha ilinipanda mpaka nikataka kukimbilia nje nikamgongee Shunpei kioo cha gari. Miaka mia saba! Halafu nikafikiri tena, furaha ikanitoka yote. Chuma cha kale na chuma cha jana hata mimi navitofautisha. Cha kale kina weusi wa ndani, kimelala. Munehisa angekosea namba ya nyumba yake kabla hajakosea hilo. Nilimwona anavyoifuta miwani kwa upindo wa kimono, nikajiambia, basi, macho yamekwisha. Na kama macho yamekwisha Shunpei hana wa kumuuliza tena duniani. Niliona huruma, na nilimkasirikia Munehisa kwa kunifanya nione huruma juu yake.

Raundi ya pili walibaki watu kadhaa mbele ya upanga wa nne. Munehisa aliushika muda mrefu hadi waliokuwa nyuma yake wakaanza kukohoa kando, wakiwa wameziba midomo, maana kupumulia upanga ni makosa. Aliandika. Nikafungua. Munekage, mwalimu wake mwenyewe. Kwa Shunpei huyo ni mwalimu wa mwalimu, na kanuni haifiki huko.

"Ukoo ndio," akasema Daktari. "Mtu siye."

Baada yake akaja Ueki. Kikaratasi cha Ueki kilikuwa kimeandikwa Munehisa. Daktari akakitazama, akanitazama, akasema, "Sawa na umepata."

Kwa hiyo Ueki, muuza sake, aliuona mkono wa Munehisa ndani ya upanga ambao Shunpei aliufua kusudi usiwe na mkono wa Munehisa. Mawimbi ni yake kijana, lakini chuma chenyewe, namna kilivyokunjwa na kupigwa, kilikuwa kimesomeka mara moja. Nilimwonea Shunpei uchungu. Nilifurahi pia, sijui kwa nini.

Raundi ya tatu mezani alibaki Munehisa peke yake. Alipiga magoti mbele ya upanga, akainama, akaushika. Alivua miwani akausogeza karibu na uso kiasi kwamba Daktari aliinuka nusu kumzuia. Akaivaa tena. Akaufuata ukungu mara moja zaidi, wimbi kwa wimbi, na pale karibu na ncha akasimama, akarudi nyuma kidogo, akasimama tena. Jiko la mafuta lilikuwa linavuma na nje theluji inadondoka. Ueki alikuwa anahesabu alama kwa vidole.

Akauweka chini kwa uangalifu, akaandika, akanipa mwenyewe kikaratasi mkononi.

Munehisa.

Nikakisoma mara mbili. Ueki kuandika jina hilo ni sawa, Ueki hajawahi kushika nyundo. Lakini hakuna mfuaji asiyejua upanga alioufua na ule ambao hakuufua. Alijua kabisa kwamba huu hakuufua yeye, akauandikia jina lake. Nikampa Daktari. Daktari akakohoa.

"Sawa na umepata," akasema, maana ndiyo kanuni.

Alama za raundi ya tatu ni chache. Ueki akawa wa kwanza. Alipiga kelele moja ambayo hekaluni haifai, kisha akanyakua chupa yake mwenyewe kutoka kwenye rafu na kuikumbatia. Daktari akaanza kufungua kamba za mipini na kutoa panga mikia ikaonekana, moja baada ya nyingine, akisoma majina. Alipofika wa nne alisoma polepole: "Akagi Shunpei, wa hapa Tsuyama." Watu wakageuka wote kumtafuta Munehisa. Alikuwa ameshatoka, yuko barazani anavaa viatu, amewapa mgongo.

"Fundi!" Ueki akamwita. "Chupa yangu hii!"

"Kunywa polepole," akajibu. "Usizoee."

Mimi nilipitia mlango wa jikoni mpaka kwenye kipikapu. Shunpei alishusha kioo. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Ameandika nini?"

Nikamwambia la kwanza, fundi wa Bizen wa miaka mia saba. Akafumba macho. Nikamwambia la pili, Munekage. Akafumbua. Nikamwambia la tatu.

"Jina lake?"

"Lake."

Aliupiga usukani kwa kiganja. "Basi hakuuona," akasema. "Mfuaji anauandikia upanga usio wake jina lake? Hajaona kitu. Miaka tisa, Shangazi, nakuja kumwonyesha kipofu." Akawasha gari. "Nipishe. Kaka yuko dukani mpaka jioni, nikamwambie leo leo."

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini?"

Tukasikia viatu kwenye theluji. Munehisa alizunguka ukuta, akaja akasimama kando ya gari, bega lake likielekea kioo na uso ukinielekea mimi. Shunpei aliondoa mikono kwenye usukani.

"Itsuko," Munehisa akasema.

"Naam."

"Ukosi ule ni aibu. Baba yako angekutandika."

"Ulijua ni wangu?"

"Lehemu yako unaiweka upande wa mgongo. Hakuna mwingine anayefanya hivyo nchi nzima. Sasa mwambie huyo..."

"Mwambie mwenyewe. Mimi si simu."

"Sisemi naye."

"Haya, sema na mimi. Gari linasikia."

Gari lilikuwa linatetema na kutoa moshi mweupe.

"Mwambie karibu na ncha udongo ulikuwa mzito, mawimbi mawili yamelala. Auangalie mkono wake hapo, ana haraka ya kumaliza. Huko kwingine kote sina la kusema."

Nimemjua mtu huyu miaka thelathini. Kila upanga aliowahi kuushika, hata wa mwalimu wake, alikuwa na la kusema kutoka shingoni hadi nchani. Nilimtazama Shunpei. Alikuwa ameinamisha kichwa, masikio yamekuwa mekundu.

"Na jina ulilouandikia?" nikauliza, kwa kuwa yeye alishindwa kuuliza.

"Nimeapa kutotazama vyake. Cha kwangu naweza kukitazama nitakavyo."

"Kwa hiyo uliujua. Tangu lini? Raundi ya tatu?"

"Ya kwanza. Nilikuwa sijafika hata katikati ya upanga."

"Muongo wewe!" nikamwambia. Sikuweza kujizuia. "Ungejua raundi ya kwanza ungeandika raundi ya kwanza. Umemwachia Ueki chupa! Mtaa mzima hatutalala mwaka huu kwa majigambo yake!"

"Ningeandika, ningeketi," akasema Munehisa. "Ukipata unaketi. Mimi nilitaka kuushika mara tatu."

Akaweka mikono nyuma na kuanza kuteremka njia ya hekalu, taratibu, kwa sababu ya utelezi. Shunpei alizima gari.